Zamu ya Lango, Zamu ya Bafu: Askari wa Bu Njem

BARAKA: Dada Zuhura, kabla hata ya salamu, naomba nitaje tarehe. Tarehe 24 Januari, mwaka 201.

ZUHURA: Mwaka 201, baada ya Kristo?

BARAKA: Huohuo. Siku hiyo kikosi cha askari wa Kirumi kilifika kwenye bonde kavu, ndani kabisa ya Libya, kikatua mizigo na kuanza kujenga ngome. Tarehe hiyo hakuikisia mtu. Wao wenyewe waliichonga kwenye jiwe, kwamba ndiyo siku waliyofika kuweka kambi.

ZUHURA: Haya, ngoja basi nisalimie wenye kipindi chao. Wasikilizaji hamjambo, karibuni barazani. Mimi ni Zuhura, na huyu aliyeingia bila hodi ni mdogo wangu Baraka. Wiki nzima amenipigia simu za usiku kuhusu vigae.

BARAKA: Vigae vyenye maandishi, dada.

ZUHURA: Vigae vyenye maandishi. Tutavifikia. Kwanza nipe ramani. Mtu yuko kwenye daladala anatusikiliza, hajui Bu Njem iko wapi.

BARAKA: Avute picha ya pwani ya Libya, Bahari ya Mediterania iko juu. Upande wa magharibi kuna mji wa kale, Lepcis Magna, mji wa mawe mazuri mno, uliotajirika kwa mafuta ya zeituni. Sasa aupe mgongo bahari, aelekee kusini mashariki kilomita kama 250. Mashamba yanakwisha, nyasi zinakwisha, anabaki na changarawe, mchanga na upepo. Hapo ndipo Bu Njem ilipo. Askari waliiita Gholaia, na jina hilo si la Kilatini, ni la wenyeji.

ZUHURA: Na ukiendelea kusini?

BARAKA: Kilomita kama 500 zaidi unafika Garama, mji mkuu wa Wagaramante. Hawa wasikilizaji wetu wawashike vizuri, maana watarudi. Wagaramante ni Waafrika wa Sahara, katika eneo linaloitwa Fezani. Walichimba mifereji chini ya ardhi, kilomita kwa kilomita, kuvuta maji kwenye mashamba ya tende na nafaka. Walikuwa na miji, farasi, biashara ya kuvuka jangwa. Warumi waliwahi kuwashambulia, jemadari Cornelius Balbus alifika mpaka Garama mnamo mwaka 20 kabla ya Kristo, lakini nchi yao haikuwahi kutawaliwa kama jimbo. Walibaki majirani.

ZUHURA: Kwa hiyo hii ngome iliwekwa ili kuwazuia.

BARAKA: Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama hata mimi, mpaka nikaanza kusoma kile ambacho askari wenyewe waliandika. Ngome yenyewe ina urefu wa mita kama 138 na upana wa mita kama 93. Viwanja viwili vya mpira ukivipanga pamoja vinaizidi kidogo. Na orodha za zamu tulizonazo, za miaka ya 250, zinaonyesha askari makumi, si mamia. Jeshi la watu makumi haliwezi kuziba jangwa. Mtu akitaka kupita bila kuwapitia, apite tu kilomita 30 pembeni, nani atamwona?

ZUHURA: Kiu itamwona.

BARAKA: Eeh! Umeipatia palepale, dada. Pale pana maji. Visima. Msafara unaotoka Fezani kwenda pwani hauwezi kuzunguka popote unapotaka, lazima ukanyweshe wanyama. Ukikalia kisima umekalia njia. Ukuta wa Hadrian, ule wa mpaka wa Warumi kule Uingereza, ni kilomita 117 za mawe na mabonge ya udongo wenye nyasi, lakini huku Libya hawakuhitaji ukuta. Walihitaji visima vitatu. Miaka hiyohiyo ya Kaisari Septimius Severus ziliwekwa ngome kwenye vituo vitatu vikubwa vya jangwani: Ghadames upande wa magharibi, Gheriat el-Garbia katikati, na Bu Njem mashariki. Kila moja kwenye njia yake, kila moja kwenye maji.

ZUHURA: Severus ndiye yule kaisari mzaliwa wa Libya?

BARAKA: Mzaliwa wa Lepcis Magna hasa. Alitawala tangu 193 mpaka 211. Alikulia kwenye ule mji wa zeituni, kwa hiyo jangwa lililo nyuma ya mji wao halikuwa jambo la kuhadithiwa. Na katikati, kati ya pwani na ngome, mabonde makavu yalikuwa na wakulima Walibya. Mvua ikinyesha mara chache kwa mwaka, walikinga maji ya mafuriko kwa kuta fupi za mawe, wakalima shayiri na zeituni pale ambapo mimi na wewe tungeona mchanga tu. Watu hao walikuwa na mali ya kulindwa na kodi ya kulipa. Ngome iko mbele yao, kama mbwa aliyelala mlangoni. Habweki, lakini kila anayeingia anajua yupo.

ZUHURA: Sawa. Sasa vigae, mwanangu. Umenisumbua navyo wiki nzima.

BARAKA: Mwaka 1967 wanaakiolojia Wafaransa, wakiongozwa na René Rebuffat, walianza kuchimba pale. Wakakuta vipande vya mitungi iliyovunjika, mitungi ya mafuta na divai. Na juu ya vipande zaidi ya 140 kuna maandishi ya wino. Karatasi ya mafunjo ilikuwa ghali na ilitoka mbali, Misri, lakini kigae kiko kila mahali. Mtungi ukivunjika, karani amepata daftari. Robert Marichal alikaa na mwandiko ule miaka mingi, mwandiko wa haraka, wa mtu anayewahi kumaliza kazi kabla jua halijawaka, na akavichapisha mwaka 1992. Vile vyenye tarehe ni vya miaka ya 253 mpaka 259.

ZUHURA: Nisomee siku moja.

BARAKA: Kinaanza na tarehe, kwa namna yao ya Kirumi. Halafu jumla ya askari. Halafu mgawanyo. Karani mmoja. Msaidizi wa kamanda mmoja. Wapelelezi kadhaa, hawa hutoka kwenda kuangalia nyayo na vumbi. Wapanda farasi. Walio kwenye kwata.

ZUHURA: Kwata kabisa?

BARAKA: Kwata kabisa, na katika orodha hizo mara nyingi ndilo kundi kubwa. Halafu mmoja langoni. Mmoja kwa kamanda, anasubiri kutumwa. Mmoja mnarani. Anayejenga au kukarabati kuta. Wanaohudumia tanuri la mikate. Wanaohudumia bafu. Na wagonjwa, kwa majina yao.

ZUHURA: Kwa majina.

BARAKA: Kwa majina, dada. Nikikumbuka enzi zangu za ukuruta, asubuhi yetu ilikuwa hivyohivyo. Mnapangwa mstari, mnahesabiwa, anasomwa wa jikoni, anasomwa wa lindo, wanasomwa wagonjwa, wengine wote kwata. Nilipoona ile orodha ya Bu Njem niliweka simu chini nikakaa kimya. Miaka 1,700 na kitu, na mwanajeshi wa Kiafrika anasubiri kusikia leo kaangukia zamu gani. Yule wa bafuni lazima alishukuru. Yule wa mnarani... mimi najua lindo la mchana lilivyo. Macho yanakuuma kwa kutazama kitu ambacho hakiji.

ZUHURA: Lakini mara mojamoja kinakuja.

BARAKA: Kinakuja, na akikiona anaandika. Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo kuhusu kazi ya ngome. Kulikuwa na askari waliowekwa kwenye vituo vidogo mbali na ngome, na hao walituma ripoti, nazo ziko kwenye vigae. Ripoti moja inasema, kwa ufupi: wameingia Wagaramante wamebeba shayiri, nyumbu wanne na punda wanne.

ZUHURA: Basi?

BARAKA: Basi. Hakuna tarumbeta. Hakuna adui. Wameingia majirani, wana shayiri, wanyama wao ni wanane. Ripoti nyingine inamtaja mtumwa aliyetoroka. Ukizisoma zote unaona kwamba silaha kubwa ya ngome hii ilikuwa kujua. Nani amepita, ametoka wapi, ana wanyama wangapi, amebeba nini. Kamanda wa Bu Njem akijua hilo, Lepcis inajua, na gavana anajua. Msafara wa wafanyabiashara wenye wanyama wanane ni jambo la kawaida. Siku ukipita msafara wa wapanda farasi 200 bila mzigo, hapo kila mtu atajua mambo yamebadilika, na atajua siku kadhaa kabla hawajafika kwenye zeituni.

ZUHURA: Nami naliona jambo hapo, kaka. Huyo aliyeandika nyumbu wanne na punda wanne, hakuwaita maadui. Hakuwaita washenzi. Ameandika Wagaramante, kama unavyoandika Wadigo, Wasegeju, watu unaowajua. Sisi tumelelewa na picha ya mpaka kama ukingo wa dunia, huku watu, kule hatari. Kumbe langoni pale kuna mtu anasema, hodi, karibuni, mmebeba nini leo?

BARAKA: Na shayiri ile huenda askari wenyewe ndio wanunuzi. Jangwani nafaka hailimwi ngomeni, lazima iletwe. Kuna barua nyingine za kupokeza ngano. Askari aliyeko kituoni anamwandikia kamanda wake, ofisa wa cheo cha dekurio aitwaye Octavius Festus, anamwambia: bwana, nimekuletea ngano kiasi hiki, kwa mikono ya waendesha ngamia fulani. Waendesha ngamia wametajwa kwa majina yao ya Kilibya na Kipuniki, ile lugha ya Wafoinike wa pwani. Na dada, wewe mwalimu wa lugha hili litakufurahisha: kiasi hakipimwi kwa kipimo cha Kirumi peke yake. Wanatumia vipimo vya wenyeji, kinaitwa sbitualis, kingine siddipia.

ZUHURA: Kama pishi na kibaba!

BARAKA: Kama pishi na kibaba hasa. Jeshi la kaisari, barua ya Kilatini, lakini likija suala la unga, kila mtu anarudi kwenye pishi la bibi.

ZUHURA: Kwa sababu muuzaji hatakuelewa vinginevyo. Baraka, Kilatini chenyewe wanakiandikaje? Kimenyooka?

BARAKA: Hakijanyooka, na uzuri wake uko hapo. Kwenye ile ripoti ya shayiri, katika sentensi moja, punda wamewekewa umbo sahihi la neno na nyumbu wamewekewa lisilo lake. Wataalamu wa Kilatini wamechambua makosa haya wakaona yana mpangilio: wengi walioandika walijifunza Kilatini ukubwani, kazini. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kilibya au Kipuniki.

ZUHURA: Kwa hiyo hao tunaowaita Warumi...

BARAKA: ...wengi wao walikuwa watu wa Afrika hiihii. Jeshi lililopeleka kikosi Bu Njem, Lejioni ya Tatu Augusta, makao yake yalikuwa Lambaesis, nchi ambayo leo ni Aljeria, karibu kilomita 1,000 kutoka pale. Kufikia wakati huo ilikuwa ikiandikisha vijana wa Afrika Kaskazini kwa vizazi. Watu wakisikia ngome ya Kirumi wanamwona kijana wa Italia anatetemeka kwa joto. Hapana. Huyu ni kijana wa Kilibya, jua analijua, ngamia anawajua, na hata baadhi ya miungu ya pale ni ya kwao. Palikuwa na mahekalu nje ya kuta. Moja la Jupita Hammon, mungu wa jangwa mwenye pembe za kondoo dume. Jingine la mungu wa vita aliyeitwa Mars Canapphar. Mars ni wa Roma, lakini Canapphar jina hilo si la Roma hata kidogo.

ZUHURA: Nilikuwa nasubiri ufike kwenye mashairi. Uliniahidi mashairi.

BARAKA: Hayo nakuachia wewe. Mimi nilikutumia tu.

ZUHURA: Wasikilizaji, kwenye ngome hii ya mbali, maakida wawili wa jeshi, maofisa wenye cheo cha senturio, kila mmoja kwa wakati wake, waliandika shairi na kulichonga kwenye jiwe. Nami nimeyasoma kwa tafsiri, mara tatu, mara nne. Naanza na la pili, kisha nitarudi kwenye la kwanza. La pili ni la Marcus Porcius Iasucthan, la mwaka 222. Sikilizeni jina hilo. Marcus Porcius ni Kirumi tupu. Iasucthan ni Kilibya. Mtu mmoja kabeba nchi mbili mdomoni mwake.

BARAKA: Na anaeleza nini?

ZUHURA: Lango. Lango la ngome lilikuwa limechakaa kwa uzee, yeye na askari wake wakalijenga upya. Anaeleza mawe yalivyoburutwa kutoka mbali, yalivyopandishwa kwa kamba, askari walivyokazana. Na herufi ya kwanza ya kila mstari, ukizisoma kutoka juu kwenda chini, zinaunda jina lake na cheo chake. Sasa wasomi wa Ulaya wamelisema vibaya shairi hili kwa muda mrefu. Wanasema mizani haifiki, sarufi inayumba. Kwa lugha yetu, wanasema ni guni.

BARAKA: Na ni guni?

ZUHURA: Ni guni, nakubali. Nafundisha mizani, siwezi kusema vingine. Lakini mimi nimekaa na wanafunzi wanaotunga kwa lugha yao ya pili, najua ile kazi. Unahesabu kwa vidole. Unatafuta neno lenye herufi inayotakiwa mwanzoni mwa mstari, na lugha yenyewe umejifunzia kambini, kwa amri na kwa orodha za ngano. Huyu alikuwa na lango la kusimamia, vijana wa kulisha, na bado usiku anakaa kutunga mistari 33 yenye jina lake limefumwa ndani. Alitaka mtu atakayekuja baadaye ajue kwamba lango lile lilipandishwa na mikono ya watu. Mimi namheshimu. Nimelipenda guni lake kuliko mashairi mengi yaliyotimia.

BARAKA: Umenigusa, dada.

ZUHURA: Na lile la kwanza limetimia. Hilo ni la Quintus Avidius Quintianus, la miaka ya mwanzo kabisa ya ngome, 202 au 203. Nalo lina jina lake kwenye herufi za mwanzo. Lilikuwa bafuni.

BARAKA: Bafu ya Kirumi, wasikilizaji, si ndoo na kata. Ni jengo lenye vyumba, kimoja cha maji baridi, vingine vya joto, moto unapita chini ya sakafu. Na walilijenga mapema, ngome ikiwa na miaka miwili tu. Nilijiuliza kwa nini mtu ajenge bafu katikati ya jangwa, pahali ambapo maji ndiyo dhahabu.

ZUHURA: Quintianus anakujibu. Anasema alitafuta ni jina gani aliachie kumbukumbu, kwa niaba ya askari wote wa kambi hii, akaona ni jina la Salus. Salus kwa Warumi ni mungu wa kike wa afya, lakini neno lenyewe ni pana, ni afya na usalama pamoja. Karibu na tunavyosema salama. Anasema katika vilima hivi ambavyo siku zote ni mchanga, Salus amewapa maji, ili miili iliyochomwa na miali ya jua na upepo wa kusini ipoe kwa kujitumbukiza taratibu.

BARAKA: Upepo wa kusini ni ule unaotoka Sahara. Unaleta vumbi mpaka kwenye meno.

ZUHURA: Mtu aliyeandika vile alikuwa ameunguzwa. Hakuna anayebuni maneno hayo akiwa kivulini. Na kuna mstari mwishoni, huo nauweka akiba, nitausema kabla hatujaachana.

BARAKA: Basi mimi nirudi kwenye mawe, maana kuna jambo la huzuni limeandikwa juu yake. Au tuseme limefutwa. Mwaka 238 gavana mzee wa jimbo la Afrika, Gordian, alitangazwa kaisari na watu wake, pamoja na mwanawe. Lejioni ya Tatu Augusta ilikuwa upande wa kaisari aliyekuwapo, Maximinus. Ikaandamana mpaka Karthago, mji mkuu wa jimbo hilo, ikalivunja jeshi la Gordian. Mwana akafa vitani, baba akajinyonga. Utawala wao haukumaliza mwezi. Lakini mwaka huohuo mjukuu, mtoto wa miaka 13, akawa kaisari Gordian wa Tatu.

ZUHURA: Akalipiza.

BARAKA: Waliomzunguka walilipiza. Lejioni ikavunjwa. Na popote jina lake lilipochongwa, amri ikatoka lifutwe kwa patasi. Bu Njem pia. Fikiria wewe ni askari wa pale, karibu kilomita 1,000 kutoka makao makuu, hukuwahi kuiona Karthago, hukumwua mtu. Siku moja msafara unaleta habari kwamba jeshi lako halipo tena, na chukua patasi uondoe jina lake kwenye lango ambalo Iasucthan na wenzake walilipandisha kwa kamba miaka 16 iliyopita.

ZUHURA: Na ngome ikabaki tupu?

BARAKA: Haikubaki tupu. Hilo ndilo linanionyesha kwamba kazi yake ilikuwa ya kweli, haikuwa ya kumpamba kaisari. Kikosi cha mahali, chenye jina la Gholaia yenyewe, kiliendelea. Lejioni ilirudishwa na Kaisari Valerian mwaka 253, lakini kule Bu Njem vigae vya miaka hiyohiyo vinaonyesha walinzi wale wachache wakiamriwa na dekurio tu, cheo cha chini kuliko cha senturio. Dola inayumba, makaisari wanauawa mmoja baada ya mwingine, na Bu Njem kila asubuhi: tarehe, jumla, karani, wapelelezi, kwata, lango, tanuri, bafu, wagonjwa.

ZUHURA: Walikuwa na familia?

BARAKA: Nje ya kuta palikuwa na kijiji, pande zote za ngome. Severus ndiye aliyewaruhusu askari kuishi na wake zao. Kwa hiyo usione kambi ya wanaume watupu. Ona moshi wa majiko, mbuzi, watoto wanaokimbilia msafara ukionekana.

ZUHURA: Watoto hao wakikua...

BARAKA: ...wengine wanaingia zamu ya lango.

ZUHURA: Nina neno moja la lugha hapa, halafu twende mwishoni. Warumi kambi yao yenye ngome waliiita castra, na castrum. Neno hilo lilisafiri mashariki, likaingia kwenye lugha za Shamu, Waarabu wakalipata kama qasr. Na sisi tumelipata kwao: kasri. Ukisema mjukuu wa sultani alikaa kasrini, umetamka neno la askari wa Kirumi. Na si hilo tu. Dinari ni denarius, sarafu aliyolipwa askari. Fulusi, wataalamu wanairudisha kwenye sarafu nyingine ya Kirumi, follis. Na sirati, ile njia tunayoisikia madrasa, wanairudisha kwenye strata, barabara yao iliyotandikwa mawe. Kambi, mshahara na barabara.

BARAKA: Nilikuwa silijui la sirati!

ZUHURA: Sasa umelijua. Ilikwishaje ngome?

BARAKA: Kimyakimya. Kigae cha mwisho chenye tarehe ni cha mwaka 259. Miaka michache baadaye kikosi kiliondoka. Hakuna tabaka la majivu linaloonyesha vita vikubwa. Waliondoka tu, dola ikavuta walinzi wake karibu na pwani. Mchanga ukaanza kupanda ukutani. Karne 15 zikapita. Mwaka 1819 ofisa Mwingereza, George Francis Lyon, alipita pale akielekea Fezani na msafara. Kwa nini alipita pale?

ZUHURA: Visima.

BARAKA: Visima. Njia ileile, maji yaleyale. Akaona matao ya lango yamesimama, mchanga umefika katikati, juu yake maandishi yenye jina la Severus. Akalichora. Mchoro wake tunao mpaka leo.

ZUHURA: Hilo la Lyon kunywesha ngamia kwenye kisima cha Quintianus nitaondoka nalo.

BARAKA: Na ule mstari uliouwekea akiba?

ZUHURA: Ndiyo. Mwishoni Quintianus anamgeukia anayesoma. Yaani askari aliyetoka mnarani, kavua viatu, kaingia kwenye maji, pumzi yake imerudi, anainua macho anaona maandishi. Anamwambia: wewe unayeionja neema ya kazi hii, wewe ambaye pumzi yako ilikuwa inawaka sasa imepoa, usione uvivu kutoa sifa kwa sauti kwa yule aliyetaka uwe mzima. Sema, angalau kwa ajili ya Salus.

BARAKA: Kwa sauti.

ZUHURA: Kwa sauti. Ameomba isemwe kwa mdomo. Na mimi juzi nilirudi nyumbani kutoka kazini, jua la saa tisa, umeme hakuna, nikajimwagia maji ya kwenye pipa, nikakumbuka. Nikasema pale pale bafuni, peke yangu: ahsante, Quintianus. Haya mdogo wangu, na wewe sema.

BARAKA: Ahsante, Quintianus. Na yule aliyekuwa zamu ya bafu siku hiyo, naye ahsante.